Waume kwa Majina, Wake kwa Vijiti

Juzi alikuja binti mmoja wa sensa hapa kwangu Mkunguni, kanyooka, mtandio kaufunga vizuri, tableti imening'inia shingoni. Hakupiga hodi. Hakusalimu. Alisimama mlangoni akaniuliza, "Mama, mko wangapi hapa?" Nikamjibu kuwa hatupo, tumehama. Maskini akainama kwenye tableti yake kutafuta pahali pa kuandika nyumba isiyo na watu ambayo mwenyewe kakaa barazani anapepeta mchele. Aliitafuta kweli. Nilicheka mpaka nikamwonea imani, nikamwita ndani, nikampa chai ya tangawizi na kaimati mbili. Kabla hajamaliza kikombe nilikuwa nimeshamweleza mambo ambayo hao waliomwajiri hawakumweleza. Na kwa kuwa najua mko wengi kama yeye, wanangu, nimeona niwaandikie wote kwa pamoja, nisije nikamaliza sukari.

Mimi naitwa Zuhura binti Mselem. Nilikuwa karani wa mtaa huu wetu, upande wa Mtongwe, tangu ningali mwari hadi macho yalipoanza kukataa herufi ndogo. Kazi yangu ilikuwa moja tu: kujua waume wangapi, wake wangapi, nani kazaliwa, nani kafa, nani kaolewa katoka, nani kaoa kaleta. Leo mkija Mkunguni mnaona ghorofa na bodaboda zimejipanga. Wakati ule palikuwa shamba, mihogo na minazi na mikorosho, na kutoka nyumba moja hadi ya pili unatembea mpaka ndala inakatika. Nilikata ndala nyingi. Mnaposema mmechoka na mmekuja kwa tuktuk, nawasikia, lakini siwasikitikii sana.

Aliyenifunza kazi ni Mzee Shebwana, mzee wa mtaa, mtu mrefu, mpole, kanzu safi, na polepole kiasi cha kukutia wazimu. Siku ya kwanza nilifanya kama binti wa juzi. Nilimuuliza mama mmoja ana watoto wangapi. Yule mama akaingia ndani, akafunga mlango kwa komeo. Mzee Shebwana akanitazama kwa huruma, tukaenda nyumba ya pili.

Kule ndiko nilikojifunza. Watu wetu hawahesabu watoto, na hawapendi wahesabiwe. Ukimhesabia mtu wanawe unawatia jicho, hata kama huna nia mbaya. Basi Mzee Shebwana hakuuliza hesabu kabisa. Aliketi, akaomba maji, akauliza hali ya mguu wa bibi na ya ndama aliyekuwa mgonjwa. Kisha akasema kama mtu aliyekumbuka jambo, ati uzee umemwingia, hebu wamkumbushe majina ya wajukuu zake wa nyumba hii. Mama akaanza kuyataja kwa furaha, Ali, Tima, Mwanaidi, Swaleh, huku vidole vya mzee vinakwenda kimya chini ya kanzu. Mimi nimekaa pembeni, daftari limo ndani ya buibui, naandika bila kutazama. Tulikuwa kama wezi wawili. Lakini hakuna nyumba iliyotufungia mlango tena.

Jambo la pili: msimuulize baba. Baba atawajibu, tena kwa sauti nene, na atakosea. Bwana mmoja aliyekuwa akifanya kazi bandarini alitutajia watoto wake, akamaliza, akajifuta jasho kama aliyepakua meli nzima. Mkewe akasema nyuma ya pazia, "Na Rukia?" Akasema ah, na Rukia. Mkewe akauliza tena, taratibu, "Na huyo uliyempakata?" Bwana akatazama magotini mwake. Kweli, palikuwa na mtoto.

Umri nao msiuulize kwa miaka. Sisi tuliuliza alizaliwa wakati gani, tukajibiwa kuwa alizaliwa kabla ya mbuzi wa mwalimu kutumbukia kisimani, au siku chache baada ya kutolewa. Mnacheka, lakini kwa huyo mbuzi tuliwapanga watoto wa mtaa mzima, na hakuna aliyelalamika. Tableti yenu haina pahali pa mbuzi. Hilo ni tatizo lenu.

Sasa niwaambie kosa langu la kwanza kubwa, ili msidhani nilizaliwa najua. Palikuwa na seremala akiitwa Fundi Hamadi, mwenye wake wawili, mmoja karibu na msikiti, mwingine kule chini penye mikoko. Nikafika kwa mke mkubwa, nikauliza mwenye nyumba ni nani. Fundi Hamadi, hapa ndipo kwake. Nikaandika. Nikashuka kwa mke mdogo. Fundi Hamadi, hapa ndipo kwake, tena yule aliongeza kuwa kwengine hupita tu kusalimu. Nikaandika. Nikapita kwa mamake mzazi, bibi kizee, akaniambia mwanawe hajaondoka nyumbani hata siku moja, hao wanawake ni wageni. Nikaandika. Wallahi sikuona ajabu yoyote. Nilikuwa najaza kurasa.

Mzee Shebwana alipolipitia daftari alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Akasema tungekuwa na kina Hamadi watatu, mlango wake wa ukumbini ungekuwa umeshakwisha, maana alikuwa anaungoja tangu mfungo uliopita. Akanifunza kuwa mtu mwenye nyumba mbili usimuulize analala wapi. Uliza kanzu yake ya Ijumaa inapigwa pasi wapi. Tangu siku hiyo sijakosea mume wa watu. Lakini Fundi Hamadi hatukumfuta, kwa sababu daftari la mtaa halikuwa likifutwa. Kilichoandikwa kimeandikwa. Mpaka leo yumo mara tatu.

Hilo la Hamadi ni kosa la kuchekesha. Kosa langu la pili halikuwa la kuchekesha, na nililifanya kwa miaka mingi bila kujua ni kosa, tena nikisifiwa.

Ukurasa wa daftari letu ulikuwa hivi. Juu jina la mwenye nyumba, mwanamume. Chini yake majina ya wanaume wote wa nyumba ile, wakubwa kwa wadogo, na jina la baba na la babu. Kando, upande wa kushoto, wanawake. Na wanawake hawakuandikwa majina. Kila mwanamke alikuwa kijiti, mstari mmoja uliosimama. Vikifika vinne, cha tano kinalazwa juu yake kama ufito. Mwisho wa mwaka nahesabu majina napata waume, nahesabu vijiti napata wake, napeleka hesabu kwa chifu, kazi imekwisha.

Msimlaumu Mzee Shebwana. Yeye aliikuta hivyo, na ilikuwa adabu. Wakati ule mwanamume hakumtaja mkewe jina mbele ya watu. Alisema watu wa nyumbani, au mama watoto. Ungemwambia akutajie jina la mkewe ukaliandike kwenye karatasi ya kupelekwa ofisini, angekuona huna malezi. Basi kijiti kilikuwa heshima. Kilimsitiri mtu. Na mimi nilivipiga vijiti hivyo kwa ufundi, vyote urefu mmoja, vyote vimenyooka, mpaka chifu mmoja akaliinua daftari langu mbele ya makarani wa mitaa mingine akawaambia waige. Nilirudi nyumbani siku hiyo kichwa juu. Nilistaafu na sifa hiyo, na daftari nikaachiwa nilitunze mwenyewe, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeweza kuusoma mwandiko wa Mzee Shebwana.

Mwaka jana, baada ya Idi, ndipo mambo ya viwanja yalipofika Mkunguni.

Mnajua sisi tulikuwa tumekaa kwenye shamba la mtu tangu enzi za mababu. Wenye shamba na serikali wakaelewana kwamba kila nyumba ya asili ipimiwe kiwanja na ipewe hati. Ghafla kila mtu akawa mzaliwa wa Mkunguni. Watu ambao sijawahi kuwaona walinipa mkono wakaniita shangazi. Ikaundwa kamati, na kamati ikasema haitasikiliza viapo, itafuata daftari la zamani la mtaa. Mwenye nyumba aliye daftarini ana haki ya hati, yeye au mrithi wake. Na mwingine yeyote wa nyumba hiyo aliyemo daftarini na angali hai, nyumba haiuzwi bila yeye kutia sahihi. Nilifurahi, si uongo. Nilijiona mtu mkubwa. Daftari langu ndilo litakaloamua.

Asubuhi moja akaja Mishi. Mishi ni mwenzangu wa tangu utotoni, tumesukana nywele, tumeteka maji kisima kimoja. Aliolewa, lakini hakuondoka kwao, mumewe ndiye aliyehamia, na alipofiwa naye akabaki palepale nyumbani kwa mamake na kakake Salim. Salim naye sasa ni marehemu. Amebaki mwana wa Salim, Bakari, dereva wa lori aliyelelewa Changamwe na anayekaa huko mpaka leo. Bakari alikuwa ameshamwambia Mishi kwamba nyumba imeandikwa jina la babake, kwa hivyo hati itatoka kwa jina lake yeye, na mnunuzi ameshampata. Alimwambia kwa upole. Alimpa muda wa kufunga vyombo. Bakari ni kijana mwenye adabu, shikamoo haikauki mdomoni mwake, na ndiyo maana alinikera zaidi, maana sikupata pa kumtukania.

Mishi hajui kusoma. Alikaa chini, miguuni pangu, akaniambia, "Nisomee pale nilipo."

Nikalifungua daftari kwa majivuno yangu yote, nikaufikia ukurasa wa kwao. Salim bin Hamisi, peke yake, maana ukurasa ule niliuandika kabla Mishi hajaolewa. Na kando, vijiti vitatu.

Nilimwonyesha. Akainama akavitazama muda mrefu, kisha akaniuliza, "Mimi ni kijiti kipi?"

Wanangu, nimeulizwa maswali mengi katika kazi hii, na mengine ya matusi, lakini hakuna lililonitoa jasho kama hilo. Vijiti vile nilivipiga mimi, kwa mkono wangu, vyote sawasawa, vizuri, na havikusema lolote. Niliona haya mpaka masikio yakaniwaka. Mishi wala hakukasirika. Aliniambia basi nichague kimoja, yeye hata cha mwisho kinamtosha.

Tukaenda kwenye kamati. Nikasema namjua Mishi, alikuwepo nyumba ile, kijiti kimoja ni chake. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu mwenye subira, akanijibu kwa heshima kuwa kila mtu anayekuja mbele yao ana rafiki wa utotoni. Bakari akasimama, akaomba radhi kwa kuwakatiza wakubwa, akasema vijiti vitatu vinajulikana: nyanyake, mamake mzazi, na Bi Saumu, dadake nyanyake, ambaye babake alimwambia aliishi pale. Shangazi Mishi, akasema, anavyojua yeye, alirudi baadaye alipofiwa na mumewe. Nadhani aliamini alilolisema. Mwenyekiti akanitazama, akaniuliza kama nina cha kuonyesha zaidi ya neno langu. Sikuwa nacho. Wakatupa muda mpaka Jumamosi ya pili, na wakasema siku hiyo wataandika hati.

Siku mbili nilikuwa sili. Binti yangu akadhani ni malaria. Nilikuwa nalitazama daftari lile kama mtu aliyegundua kwamba sanduku lake la akiba lilikuwa tupu miaka yote. Wanaume wa Mkunguni wamo wote, hata waliokufa wachanga, hata Hamadi mara tatu. Na nusu ya mtaa haimo. Nusu niliyopika nayo, niliyocheza nayo, niliyoilia ilipokufa.

Ndipo nikakumbuka namna Mzee Shebwana alivyofanya kazi. Hakuuliza hesabu, aliuliza majina. Na majina nani anayajua? Si kamati. Nikapita nyumba kwa nyumba, na miguu hii yangu, nikawaita wakongwe wote wa kike waliobaki. Nikawaambia waje Alhamisi baada ya alasiri, baraza ya madrasa, na kila mtu aje na kikombe chake.

Walikuja. Wengine walishikwa mkono, mmoja aliletwa na mkokoteni wa maji akashuka kama malkia. Nikafungua ukurasa wa kwanza, nikasoma jina la mwenye nyumba na idadi ya vijiti, nikanyamaza. Wakaanza. Huyo ni Mama Ali. Na yule mweupe aliyekuwa akiuza bajia. Na binti yao aliyeolewa Junda. Vijiti vitatu, watu watatu, nikaandika kwenye karatasi pembeni, tukafungua ukurasa wa pili. Walibishana, walitukanana kwa mapenzi, waliombeana maghufira. Tulipomfikia Fundi Hamadi, mke wake mdogo, ambaye sasa ana meno mawili, akataka kujua inakuwaje mumewe yumo mara tatu na yeye hayumo hata mara moja. Nikamwambia aniwie radhi. Akasema ataniwia radhi nikimwongezea chai.

Kisha nikafungua ukurasa mwingine nikasoma: Mselem bin Omari, vijiti vinne. Mabibi wakanigeukia mimi. Mmoja akasema, "Haya, karani, wataje."

Mselem ni babangu. Nikamtaja mamangu, nikamtaja nyanyangu, nikamtaja shangazi yangu. Wakaniuliza wa nne. Wa nne alikuwa mimi. Nilijipiga kijiti mwenyewe, wanangu, kwa kalamu yangu, na nikaangalia kisiende kombo. Baraza zima lilicheka, mwingine akajifunika uso na leso. Nami nikacheka. Halafu machozi yakanitoka, nikasingizia vumbi la daftari, na wakajifanya wameniamini.

Jua lilikuwa linashuka tulipoufikia msikiti na nyumba za nyuma yake. Nikasoma jina, vijiti vitano. Bi Mwanajuma, mkongwe anayevaa miwani ya kamba, akawataja wanne, na wa tano akasema ni mamake, Bi Saumu. Nikamuuliza kama ana hakika. Akaniuliza mimi nina hakika gani na mamangu. Alisema mamake alivimba miguu, miaka yote ile hakuvuka kizingiti, alikuwa akiogeshwa kitandani na bintiye, na huyo binti ni yeye mwenyewe. Wenzake wote wakasema ni kweli, walikuwa wakimpelekea uji. Nikaandika Bi Saumu pale, na si kwa Salim.

Tukaumaliza mtaa. Kila kijiti kikapata mwenyewe, ila kimoja. Kwa Salim bin Hamisi walimtaja Mama Salim, wakamtaja mkewe Salim, kikabaki kijiti kimoja hakina mtu. Na pale barazani, karibu na nguzo, alikuwa amekaa mwanamke mmoja hana kijiti. Mishi alikuwa ametaja wenzake tangu mwanzo hadi mwisho, lakini kwa kwao hakufungua mdomo. Aliniambia baadaye kwamba hakutaka ionekane amejitaja mwenyewe.

Wakaweka vidole gumba, wote, kwenye karatasi yangu. Wino ulimalizika kabla ya vidole.

Jumamosi nikaipeleka karatasi ile kwenye kamati, na daftari. Mwenyekiti alizisoma zote mbili, ukurasa kwa ukurasa, na hakuharakisha. Alipomaliza akavua miwani, akaniuliza kama ninakubali, mbele ya watu, kwamba daftari la mtaa lina kasoro. Nilijua anachoniuliza. Daftari lile lilikuwa sifa yangu ya pekee. Sina nishani, sina cheti cha ukutani, nina daftari lile.

Nikamwambia, "Lina kasoro, na kasoro ni yangu. Nilihesabu watu bila kuwauliza wao ni nani."

Bakari alikuwa ameinamisha kichwa. Nilimwona akisoma majina ya wale mabibi na alama za vidole vyao, mmoja mmoja, na alipofika kwa Bi Mwanajuma akasimamisha kidole chake. Kisha akamgeukia Mishi akamuuliza, kwa ile adabu yake, kwa nini hakumwambia kwamba alizaliwa kwenye nyumba ile na hajapata kuondoka. Mishi akamwambia hakuulizwa. Bakari akatoa simu, akatoka nje kidogo, na aliporudi akasema kuwa ameshamwambia mnunuzi aisahau nyumba ile.

Mwenyekiti akaamua kwamba jina liandikwe kwenye daftari, kando ya kijiti, kwa tarehe ya siku ile, na mimi nitie sahihi. Kwa mara ya kwanza tangu Mzee Shebwana, daftari lilikuwa linaongezwa kitu kwenye ukurasa wa zamani. Nikachukua kalamu. Nikaandika Mwanamishi binti Hamisi bin Juma, na herufi zangu zilikuwa mbaya, zimepanda zimeshuka, chifu yule angezionea aibu.

Mishi akasogea akatazama. "Hili lote ni mimi?"

"Lote."

Akaweka kidole mwanzo wa jina, akakipeleka polepole mpaka mwisho, kama anayepima kitambaa. Sote tulimngoja. Watu wengine walikuwa wameshaanza kuinuka, mwenyekiti anafunga mkoba, Bakari yuko mlangoni anavaa viatu. Mishi hakuinuka. Akakihamisha kidole kwenye kijiti kilichofuata.

"Huyu wa ubavuni pangu ni mamangu," akasema. "Muandike na yeye."

Mwenyekiti akamweleza kwa upole kwamba mamake amekwisha kufa na hahitaji kiwanja. Mishi akasema anajua hahitaji, lakini karani bado ana kalamu mkononi. Nikaiinua tena kalamu, nikakaribia kuandika, na hapo nikakwama. Nilimjua bibi yule maisha yangu yote. Nilikula kwake. Alinifunga kidonda. Nilimwita Mama Salim, mtaa mzima ulimwita Mama Salim, na hata Alhamisi wale mabibi walimwita Mama Salim. Niliwatazama watu waliobaki chumbani na hakuna aliyenisaidia.

Nikamuuliza Mishi jina la mamake. Akalitaja, kwa sauti ndogo, kama anayemtoa mtu ndani. Nikaliandika: Mwanatumu binti Shee.

Bakari akavua viatu, akarudi, akaja akapiga magoti kando ya meza. Akaniomba nimsomee tena nyanyake aliitwa nani.